Moto wa Mawinguni Watoka Wapi?

Neno la Majilio. Masomo: Ayubu 36:26-33; Zaburi 135:5-7; Luka 13:1-5.



Majilio yametufikia tena, na pamoja nayo mvua. Katika nchi hii ya Unyamwezi mambo haya mawili huja pamoja. Mwezi wa Oktoba jua hutuunguza, vumbi hujaa njiani, nyasi huwa kama majivu. Miti ya miombo huchipua majani mapya, mengine mekundu, hata kabla tone moja la mvua halijaanguka. Kisha, Novemba, mawingu makubwa husimama upande wa alasiri, na kanisani twasoma habari za kuja kwake Bwana huku mabati yakipigwa na mvua hata sauti ya msomaji isisikike.

Mvua hiyo tuliyoiombea hutuletea furaha, lakini hutuletea pia hofu ya radi. Na hofu hiyo imetufanya tutende dhambi. Kwa hiyo twaanza neno hili kwa ungamo.

Miaka kadhaa iliyopita, katika mtaa mmoja wa parishi yetu, kijana mmoja alikimbilia chini ya mwembe pamoja na mbuzi wake mvua ilipoanza. Radi ikaupiga mwembe ule, naye akafa pale pale. Tulikwenda kumzika. Tulisoma sala, tukaimba, tukatupa udongo kaburini. Jioni, matangani, tulisikia jina la bibi mmoja likipita kutoka mdomo mmoja hata mwingine. Alikuwa jirani yao, mjane, mshiriki wa Meza ya Bwana, aliyefagia kanisa kwa miaka mingi. Walisema kwamba macho yake ni mekundu. Walisema kwamba aligombana na mama wa marehemu juu ya mpaka wa shamba, tena kwamba mwaka uliotangulia mvua ilipita kando ya shamba la jirani ikanyesha kwake.

Sisi wahudumu tulisikia yote, wala hatukusema neno. Tulijiambia kwamba si wakati wake, wafiwa wana uchungu, tutakuja siku nyingine. Tukapanda baiskeli zetu tukarudi kabla giza halijaingia. Haikupita wiki mbili, nyumba ya bibi yule ikachomwa moto usiku. Yeye aliokoka, akachukuliwa na binti yake kwenda kukaa mbali. Mahali pake kanisani, benchi la tatu upande wa akina mama, pako wazi hata leo.

Basi mwaka huu imetupasa kusema lile ambalo hatukulisema siku ile. Tutajibu maswali mawili. La kwanza, moto wa mawinguni watoka wapi? La pili, mtu aliyefiwa aende wapi na uchungu wake?

Tuanze jikoni, maana huko kila mmoja wetu ni mwanafunzi. Mama abandikapo sufuria ya maji motoni, maji hupata joto kidogo kidogo hata yachemke. Baada ya kuchemka, angaweza kuongeza kuni kadiri apendavyo. Maji hayazidi tena kuwa moto. Moto wazidi kuwaka, kuni zaisha, lakini kipimajoto hakipandi. Joto lote lile lakwenda wapi? Lakwenda na mvuke. Ili maji yageuke kuwa mvuke, hayana budi kupewa joto jingi sana: kuyakausha yote sufuriani kwataka kiasi cha mara saba ya joto lililotumika kuyachemsha tangu yalipokuwa ya baridi. Joto hilo halionekani wala halipimiki kwa kipimajoto. Limejificha ndani ya mvuke. Walimu wa sayansi huliita joto fiche.

Wala halikupotea. Mama yeyote aliyefunua sufuria akaunguzwa mkono na mvuke anajua. Mvuke waunguza vibaya kupita maji yenyewe yachemkayo, kwa sababu ugusapo ngozi hurudi kuwa maji, na wakati huo hutua mzigo wote wa joto ulioubeba. Mtungi wa udongo pia watufundisha. Maji hupenya kidogo kidogo hata nje ya mtungi, yakakauka hewani. Na yakaukapo huchukua joto la mtungi, kwa hiyo maji ya ndani hupoa. Jasho letu hufanya kazi hiyo hiyo mwilini. Na kila mzazi aliyemfuta mtoto mwenye homa kwa kitambaa cha maji ametumia joto fiche, ingawa hakulijua jina lake.

Aliyelipima jambo hili kwanza kwa makini ni Joseph Black, daktari na mwalimu wa Chuo Kikuu cha Glasgow, Uskochi, katika miaka ya 1760. Rafiki yake James Watt alitengeneza mashine za mvuke zilizo bora kupita zile za kwanza, na kutoka kwa mashine za namna hiyo yakaja magari ya reli. Reli ilifika kwetu Tabora mwaka 1912. Wazee wetu waliliita gari la moshi, kwa kuwa moshi ndio uliokuwa ukionekana. Lakini moshi haukuvuta hata behewa moja. Aliyevuta ni mvuke, uliobeba ndani yake joto la kuni na makaa. Mara nyingi kinachoonekana sicho chenye kufanya kazi.

Hata katika njia ya zamani ya misafara, ile iliyotoka Bagamoyo ikapita hapa kwetu mpaka Ujiji, maji yanayochemka yalitumika kuipima nchi. Wasafiri Burton na Speke walifika Kaze, karibu na mji wa Tabora wa leo, tarehe 7 Novemba 1857, baada ya kutembea zaidi ya miezi minne kutoka pwani. Njiani walichemsha maji na kutazama kipimajoto, maana kadiri nchi inavyopanda juu, ndivyo maji yanavyochemka kwa joto lililo dogo zaidi. Pwani huchemka kwa nyuzi 100. Hapa Tabora, tulipo kiasi cha mita 1,200 juu ya bahari, huchemka kwa nyuzi 96 hivi. Ndiyo maana maharagwe yetu hukaa motoni muda mrefu zaidi kuliko ya watu wa Bagamoyo.

Njia hiyo ilijulikana kwa wapagazi wake, nao wengi walikuwa Wanyamwezi. Kwa msaada wao twaweza kuufahamu mvuke. Mpagazi alitwikwa mzigo pwani. Akautua Unyanyembe au Ujiji, mzigo ule ule. Kuna wapagazi waliosifiwa kwa jambo hilo ulimwenguni kote. Dakt. Livingstone, aliyekaa hapa Kwihara mwaka 1872 akingoja watu wa kusafiri naye, alikufa mwaka 1873 katika nchi iitwayo leo Zambia. Watumishi wake, akina Susi na Chuma, na Jacob Wainwright pamoja nao, waliukausha mwili wake juani wakaubeba. Walipofika Unyanyembe, ofisa Mwingereza aliyekuwa hapo aliwashauri wauzike hapa hapa. Walikataa. Waliendelea hata Bagamoyo, wakafika Februari 1874, na mwili ukazikwa London mwezi wa Aprili. Walichochukua ndicho walichokitua.

Hatusemi hayo tukisahau kwamba njia ile ile ilipitisha pia watu waliofungwa minyororo. Twasema hayo kwa sababu mvuke nao ni mpagazi mwaminifu. Jua lapiga juu ya Bahari ya Hindi. Maji ya juu yageuka kuwa mvuke, na kila tone latwikwa joto lake. Upepo wa kaskazi wauchukua mvuke huo kuuingiza bara. Kutoka upande wa magharibi, hewa yenye mvuke wa misitu ya Kongo yaja kukutana nao. Wataalamu wa hali ya hewa hutwambia kwamba mvua zetu zatokana na kukutana huko. Kama vile nguo za pwani na pembe za ndovu za Manyema zilivyokutana zamani sokoni Tabora, ndivyo pepo hizi mbili zinavyokutana juu ya vichwa vyetu.

Sasa hewa hiyo ipandapo juu hupoa. Ikipoa, mvuke hurudi kuwa matone madogo sana, nayo ndiyo wingu. Hapo ndipo mpagazi anapotua mzigo. Joto lililotwikwa baharini hutolewa ndani ya wingu. Hewa ya ndani ya wingu yapata joto, yawa nyepesi, yapanda tena juu kwa nguvu. Ipandapo, mvuke mwingine hugeuka maji, na joto jingine hutoka. Ndiyo maana mchana wa Novemba twaona wingu dogo likikua kama mlima kwa muda wa saa moja tu. Mengine hufika kilomita 12 hata 15 juu.

Twauliza, joto hilo ni kiasi gani? Tupige hesabu kama watu wa nyumbani. Kilo moja ya mkaa, ikiungua yote na joto lake lisipotee hata kidogo, yaweza kugeuza kiasi cha lita 12 za maji kuwa mvuke. Mvua ya milimita 10, ambayo kwetu ni mvua ya kawaida ya alasiri moja, huangusha juu ya ekari moja kiasi cha lita 40,000 za maji. Kwa hiyo joto lililotolewa wakati maji hayo yalipokuwa yakigeuka kutoka mvuke ni sawa na joto la zaidi ya tani 3 za mkaa. Hiyo ni kwa ekari moja. Kijiji chenye ekari 1,000 kikinyeshewa mvua hiyo, ni zaidi ya tani 3,000. Kama behewa moja la mizigo lachukua tani 40, yatakiwa mabehewa zaidi ya 80 ya mkaa kufanya kazi ya mvua ya alasiri moja juu ya kijiji kimoja.

Hilo ndilo jiko la radi. Nguvu hiyo ndiyo irushayo hewa juu ndani ya wingu. Huko juu kuna baridi kali, nako vipande vya barafu na mvua ya mawe hugongana na kusuguana, upande mmoja wa wingu ukapata umeme wa namna moja na upande wa pili umeme wa namna nyingine. Tofauti hiyo ikizidi mno, umeme huruka, ama ndani ya wingu, ama kutoka wingu hata nchi. Kwa njia yake huutafuta mti mrefu, mlingoti, paa la nyumba iliyo peke yake, mtu aliyesimama uwandani. Hautafuti jina la mtu.

Kuna jambo jingine la kutazama. Wataalamu wamehesabu radi za dunia nzima kwa kutumia setilaiti. Waligundua kwamba mashariki ya Kongo, ng'ambo ya maziwa yetu, ni mojawapo ya sehemu zinazopigwa na radi mara nyingi kupita karibu zote duniani. Kwa nini huko? Kwa sababu kuna mvuke mwingi, jua kali, na milima inayoisukuma hewa juu. Radi hufuata mvuke, jua na milima. Kama ingekuwa imefuata ugomvi wa majirani, ingekuwa imepiga sawasawa kila mahali, maana ugomvi wa majirani uko kila mahali.

Basi, ndugu, tupeleleze kwa haki. Bibi yule wa mtaa wetu alikuwa na chungu kimoja, sufuria mbili na jembe. Alipika kwa mafiga matatu ndani ya nyumba isiyo na dirisha, kwa kuni alizojitafutia mwenyewe. Macho yake yalikuwa mekundu kwa sababu ya moshi wa miaka 60, moshi wa kuwapikia watoto wake, na wajukuu wake, na sisi pia tulipokwenda kwake kusali. Je, mkaa wa mabehewa 80 angaliuficha wapi? Tulimchukua mtu aliyekosa kuni za kupikia uji, tukamwambia kwamba yeye ndiye mwenye kuuwasha moto wa mbinguni. Ayubu aliulizwa na Mungu, katika sura ya 38, kama yeye aweza kuipasulia radi njia yake na kuyaamuru mawingu. Ayubu aliweka mkono wake kinywani. Sisi tukamjibia bibi kizee kwamba aweza. Huko kulikuwa ni kumpa mtu sifa iliyo ya Mungu peke yake, kisha nyumba yake ikachomwa kwa ajili ya sifa hiyo.

Zaburi ya 135 na kitabu cha Ayubu sura ya 36 vyatufundisha ni nani avutaye juu matone ya maji, ni nani apandishaye mawingu kutoka miisho ya nchi, ni nani afanyaye umeme uende pamoja na mvua. Watu wa zamani walioandika hayo hawakuwa na kipimajoto. Lakini walijua kwamba mvua na moto wake zina Bwana mmoja, tena kwamba yeye hakumkabidhi jirani yao. Naye Bwana wetu, katika Mathayo 5:45, atuonyesha Baba anyesheaye mvua walio haki na wasio haki. Kama mvua ilipita kando ya shamba lako ikanyesha kwa mjane, usimtazame kwa jicho baya. Baba amemnyeshea, wala hakukuomba ruhusa.

Lakini hapa twajua mtu atatujibu. Atasema, “Kasisi, sayansi yako nimeisikia. Najua sasa radi yatoka wapi. Lakini mwembe ule ulikuwa na watu wengi siku zilizopita, wala hawakupigwa. Kwa nini siku ile? Kwa nini mwanangu?”

Hatulidharau swali hilo. Ni swali la mwenye uchungu, na hakuna hesabu ya mkaa iwezayo kulijibu. Mwezi wa Januari mwaka 2025, katika wilaya ya Bukombe, mkoa jirani wa Geita, radi iliwaua wanafunzi saba wa shule moja ya sekondari. Wazazi wao wangali wanauliza. Sisi hatuna jibu la kuwapa, na mhubiri asemaye kwamba anayo, awe mchungaji au mganga, awadanganya.

Twaweza tu kuwapeleka kwa Bwana Yesu. Katika Luka 13 watu walimletea habari za mauaji, naye mwenyewe akawakumbusha wale 18 walioangukiwa na mnara huko Siloamu. Watazameni sana wasikilizaji wale. Walitaka kumpata mwenye kosa. Wao walidhani kosa ni la wafu wenyewe. Sisi twadhani ni la jirani. Bwana hakuwapa mtu yeyote. Hakusema kwamba wafu wale walikuwa wabaya, wala hakumtaja mchawi wa Siloamu. Aliligeuza swali likawarudia wao walio hai: watubu. Na alipofika kwenye kaburi la Lazaro, rafiki yake, hakuuliza ni nani aliyemloga. Alilia. Halafu akamwita atoke.

Hivyo ndivyo mwenye kufiwa anavyopaswa kutendewa na kanisa. Tulie pamoja naye, tukae naye, tumpikie, tumlimie shamba lake msimu ule. Tusimpe mtu wa kuchukia badala ya faraja. Mama wa kijana yule alipewa mtu wa kumchukia, na hata leo hajafarijika. Alipoteza mwana, kisha akapoteza jirani aliyemsaidia kumzaa.

Wako pia wanaotaja kitabu cha Kutoka 22:18, wakisema kwamba Biblia yenyewe yaruhusu. Twawajibu kwa Torati hiyo hiyo. Kumbukumbu la Torati sura ya 19 yakataa mtu kuhukumiwa kwa neno la shahidi mmoja, tena yaamuru kwamba shahidi wa uongo atendewe lile alilotaka kumtendea mwenzake. Ni nani kati yetu aliyeshuhudia bibi akiirusha radi? Hakuna. Kulikuwa na macho mekundu na mpaka wa shamba. Na sisi tulio wa Agano Jipya tumemwona Bwana akisimama kati ya mwanamke na mawe yaliyokuwa mikononi mwa watu. Hata sheria ya nchi, Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928, yahesabu kuwa ni kosa kumsingizia mtu uchawi. Ingekuwa aibu kanisa likiwa nyuma ya serikali katika kumlinda mjane.

Tena, kama kweli twataka kumjua mtu aharibuye mvua, na tuitazame mikono yetu wenyewe. Miti ya miombo huvuta maji kutoka chini sana ardhini na kuyarudisha hewani yawe mvuke. Sisi twaikata kwa ajili ya mkaa na kwa kukaushia tumbaku, wala hatupandi mingine. Na dunia nzima, nchi tajiri zikitangulia, imechoma makaa na mafuta mengi hata hewa imezidi joto. Hewa ikizidi joto kwa nyuzi moja, yaweza kuchukua mvuke zaidi kwa kiasi cha asilimia 7. Mpagazi ameongezewa mzigo; nao hutuliwa kwa kishindo zaidi. Mvua kubwa hubomoa, na kati yake ukame hukaa. Hilo ni jambo la kutubu kwa matendo. Kila nyumba ya Kikristo yaweza kuanza na miti kumi.

Na yako mambo ya kutenda ili watu wasife. Msikiapo ngurumo, msikimbilie chini ya mwembe. Twajua kwamba njia yetu ya zamani imejaa miembe, nayo yapendeza kwa kivuli, lakini mti mrefu ndio upigwao kwanza. Ingieni katika nyumba iliyo imara, au ndani ya gari lililofungwa. Tokeni majini na uwandani. Wekeni chini majembe na baiskeli. Kama hakuna nyumba karibu, chuchumaeni mahali pa chini, miguu pamoja, mbali na mti na mbali ninyi kwa ninyi. Ngojeni nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho. Makanisa na shule zetu ziwekwe vyuma vya kukinga radi, ambavyo vimejulikana tangu miaka ya 1750. Chuma huishika radi na kuipeleka ardhini. Mtu aliyepigwa na radi anaweza kuguswa bila hatari. Umeme haubaki mwilini mwake. Kama hapumui, msaidieni apumue, msukumeni kifua, mpelekeni hospitali. Wengine wamekufa kwa sababu watu waliogopa kuwagusa.

Sasa twamaliza kwa habari ya bibi yetu. Mwaka huu tulikwenda kumtafuta. Tulimkuta kwa binti yake, amekaa juu ya kigoda, anachambua mchicha. Tulimwamkia, akatuitikia kama zamani, akaagiza chai. Tulimwambia kwamba tumekuja kuomba radhi, na kwamba twatamani arudi. Alinyamaza kitambo. Kisha akasema, “Wanangu, mimi nimekwisha kuwasamehe, maana nisingeweza kusali Baba Yetu. Lakini mlinyamaza mbele za watu. Semeni mbele za watu. Ndipo nitajua kama nina kanisa la kurudia.”

Basi twasema. Bibi yule hakumwua kijana yule. Hakuituma radi, hakuifunga mvua, hakuihamisha. Radi ile ilitoka katika joto la jua lililotwikwa juu ya mvuke baharini na misituni, likabebwa mpaka kwetu, likatuliwa mawinguni kwa amri aliyoiweka Mungu tangu mwanzo. Tulijua, au tungaliweza kujua, nasi tulinyamaza. Neno hili litasomwa katika kila mtaa wa parishi Jumapili ya pili ya Majilio, hata pale matanga yale yalipokaliwa. Umoja wa Akina Mama umekwisha kuahidi kufyatua matofali ya nyumba yake mvua zikiisha, na mama wa kijana ametuletea habari kwamba atachota maji.

Majilio yatuambia kwamba Bwana aja, na ajapo yote yaliyofichwa yatafunuliwa. Joto lililofichwa ndani ya mvuke hufunuliwa mawinguni kwa wakati wake. Hali kadhalika yatafunuliwa maneno tuliyonong'ona matangani, na yale tuliyopaswa kusema tukayaacha. Tungali tuna siku. Kama katika mtaa wako liko jina linalopita midomoni leo, usingoje mpaka nyumba ichomwe. Nenda usiku huu huu, uketi mlangoni pake.

Tuombe.

Ee Mungu Mwenyezi, uvutaye maji kutoka baharini na kuyarudisha juu ya mashamba yetu, twakushukuru kwa mvua. Utusamehe kwa kuwa tumewatwika jirani zetu kazi iliyo yako, na kwa kuwa tulinyamaza tulipopaswa kusema. Uwafariji wote waliofiwa kwa radi na mafuriko. Uwalinde wajane na wazee wakaao peke yao. Utupe midomo ya kweli na moyo usioogopa, hata Mwana wako ajapo atukute tumeketi pamoja. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.